Waliofariki Siku Moja

"Mzee, hapa panaonyesha umefariki," alisema dada wa dirisha la dawa kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonya mwenzake kwamba zipu iko wazi.

Mzee hakumsikia vizuri, maana alikuwa ameinua shingo anatazama kibao kilichoandikwa DAWA juu ya dirisha. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa kuandika mabango, na hadi leo hakuweza kupita chini ya herufi zilizokwenda upande bila kuzisikitikia. "Hiyo D imelewa," alimnong'oneza mkazamwana wake, aliyekuwa amesimama naye bega kwa bega. Kisha akamgeukia dada wa dirishani. "Umesema nini, mwanangu?"

"Umefariki, Mzee. Si mimi ninayesema, ni mashine." Aligeuza kompyuta yake ndogo ili wote wawili waone. "Tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa na sitini."

Foleni iliyokuwa nyuma yao ikaangua kicheko. Mzee akafikiri kidogo. "Hapo nilikuwa mtoto wa miaka mitano," akasema. "Basi nimekufa mdogo sana. Pole yao wazazi wangu."

"Afadhali wewe ulishazaliwa," akadakia bibi mmoja aliyekuwa pembeni, mwembamba, mwenye mwavuli wa kijani aliouegemea kama mkongojo. Yeye ndiye aliyehudumiwa mbele yao, na mpaka sasa hakuwa ameondoka dirishani. "Mimi nimeambiwa nimekufa siku hiyohiyo, na hapo mama yangu hata kuolewa hajaolewa."

Kicheko kikapanda tena. Bibi huyo na Mzee walikuwa wamepiga soga tangu asubuhi kwenye benchi la kungojea. Alimweleza kwamba anaishi peke yake ghorofani, juu ya duka la vioo, na kwamba kila akifungua dirisha jua hugonga vile vioo kule chini, dari yake yote ikacheza kama maji ya kisimani. Mzee alipenda maneno hayo, akayarudia mara kadhaa kwa mkazamwana wake.

"Ni ninyi wa zahanati ya zamani," alisema dada wa dirishani, naye amechoka, si mtu mbaya. "Tangu ilipofungwa mkahamishiwa huku, baadhi yenu mna matatizo kwenye mashine. Siwezi kumpa dawa mtu aliyefariki, nitaulizwa. Leteni barua kutoka ofisi ya mtaa kuthibitisha kwamba mko hai."

"Niilete mwenyewe," akauliza Mzee, "au niitume?"

Watu walivunjika mbavu. Hata mlinzi wa mlangoni alicheka hadi akavua kofia. Bibi wa mwavuli naye alicheka, kisha kicheko kikamwisha ghafla usoni, akaupanga vizuri mtandio wake, akaaga, akatoka kwenye jua akienda polepole. Hakuna aliyegundua kwamba ameusahau mwavuli mpaka Mzee alipougusa kwa mguu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mkazamwana alikuwa ameikodolea macho ile tarehe. Aliifahamu. Aliifahamu vizuri kuliko siku yake ya kuzaliwa.

Ofisini kwao walimwita Mkalimani, nasi tumwite hivyohivyo. Kazi yake ilikuwa kuchukua taarifa za wagonjwa kutoka kwenye hifadhidata za zahanati, mahali zinapotunzwa, na kuzihamishia kwenye programu ya takwimu, mahali zinapohesabiwa, kisha kuzirudisha kwenye mashine za madirisha ya dawa. Watu hudhani ni kazi ya kunakili. Laiti ingekuwa! Programu hizo mbili kila moja ina tabia zake. Hifadhidata huandika tarehe kwa siku, mwezi na mwaka, kama binadamu mwenye akili timamu. Programu ya takwimu haijui miezi wala miaka, inajua kuhesabu siku tu, na huanza kuhesabu tarehe mosi Januari mwaka 1960. Kwa nini siku hiyo? Walioitengeneza waliamua hivyo, basi. Kwa programu ile, siku hiyo ndiyo sifuri.

Na pale ambapo hapakuandikwa kitu? Hapo ndipo penye shughuli. Safu ya mahudhurio ikiwa tupu, maana yake mgonjwa hakuhudhuria, na unaweza kuweka sifuri bila dhambi yoyote. Lakini safu ya tarehe ya kufariki ikiwa tupu, maana yake mtu anapumua. Mkalimani aliyajua hayo yote. Aliwahi kuwafundisha wengine.

Alirudi nyumbani na Mzee kwa miguu, kila mmoja na mawazo yake, mwavuli wa kijani ukining'inia mkononi mwa Mzee. Mawingu madogo yalikuwa yametawanyika angani, na Mkalimani aliona kwamba kila moja ni nafasi tupu ambayo mtu hatakiwi kuigusa.

*

Mumewe alikuwa fundi wa friji, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Jioni hiyo alikaa mezani na wembe, akikata vidonge vya moyo vya baba yake nusu kwa nusu, maana vilikuwa vimebaki vichache. Alivikata kwa uangalifu, ulimi nje, na unga mweupe ukabaki kwenye meza.

"Nusu ya leo, nusu ya kesho," alisema. "Mpaka hiyo barua ipatikane. Nimepita ofisi ya mtaa, wanasema wanataka mashahidi wawili waliomwona akiwa hai. Nikawauliza, sasa mimi mwanawe ninayewaambia nimetoka kunywa naye chai? Wakasema mimi ni ndugu, naweza kuwa na maslahi."

Mkalimani aliufagia ule unga kwa kidole, akaukusanya katikati ya meza.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyemuua Baba."

Akamweleza. Siku ile aliyohamisha taarifa za zahanati ya zamani ilikuwa siku ya joto, joto lililokuwa limewakalia watu kwa wiki nzima mpaka wakasahau kusalimiana. Aliandika amri kwenye kompyuta: kila penye utupu, weka sifuri. Ilimpasa aongeze kwamba amri hiyo ni ya safu za mahudhurio tu. Alikuwa na nia ya kuongeza. Kisha mvua ikaanza. Matone ya kwanza yaligonga bati la banda la nje, ofisi nzima ikanyanyuka kwenda madirishani, mtu akatoa mkono nje, mwingine akafumba macho. Naye akabonyeza akiwa amekwishasimama, uso umeelekea mvua, akaenda kuitazama pamoja na wenzake. Harufu ya udongo ilipanda. Ilikuwa dakika nzuri kuliko zote alizowahi kuzipata mahali pale, na aliporudi kwenye kiti kazi ilikuwa imekwisha, na programu haikulalamika hata kidogo.

Mumewe aliuweka wembe chini. "Ni Mzee peke yake?"

"Ni wote wa zahanati ile waliokuwa hai."

Kwenye karakana friji moja iliyokuwa inajaribiwa ikaanza kunguruma, ikanyamaza.

"Sikiliza," alisema mumewe, na sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo maana ilimuuma zaidi. "Mkataba wako unaisha mwezi huu. Mimi unaona hali ya kazi, watu siku hizi wananunua friji mpya kuliko kutengeneza. Mrekebishe Mzee. Mstari mmoja tu. Nani atajua?"

"Na hao wengine?"

"Hao wengine watapeleka barua zao. Mashine zikikosea, watu hupeleka barua. Hukuwatuma wewe waugue."

Mkalimani alikuwa anafikiria jinsi bibi wa mwavuli alivyoupanga mtandio wake kabla ya kuondoka, kama mtu aliyeambiwa jambo la aibu mbele za watu.

*

Kesho yake ofisini aliifungua ile faili mapema, kabla wenzake hawajafika. Akaishuka safu ya tarehe ya kufariki. Mosi Januari, mosi Januari, mosi Januari. Walikuwa wamelala pale mstari juu ya mstari, mpishi wa shule, dereva mstaafu, mama wa mapacha, mtu aliyeandikwa kazi yake ni "kucheza tarumbeta", wote wamekufa siku moja kwa amani, wengine kabla ya wazazi wao kujuana. Alivyozidi kushuka ndivyo usingizi mwepesi ulivyomshika, akawaona wamekaa mahali pamoja kwenye baraza ndefu, wametulia, wanangoja kitu ambacho hawakuambiwa ni nini. Bibi wa mwavuli alikuwa miongoni mwao na mikono mitupu.

Alizinduka kwa sauti ya Mkuu wa kitengo. "Mkalimani! Umeiona?"

Mkuu alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kutafuna karanga tangu asubuhi mpaka jioni. Alikuwa ameshika karatasi yenye grafu ya vifo vya wagonjwa, mstari unaoteremka vizuri kutoka kushoto kwenda kulia. "Vinapungua," alisema. "Nitawaonyesha wakubwa wiki ijayo. Kazi yako na yangu hiyo."

Mkalimani akaitazama grafu. Ilianza miaka ya karibuni, kama grafu zote za pale ofisini zilivyoanza. Wafu wake yeye walikuwa mbali sana kushoto, nje ya karatasi, mahali ambapo hakuna mtu angekuwa na sababu ya kutazama.

"Mkuu," akaanza.

"Ehe?"

Akaiona meza yao nyumbani, na ule unga mweupe. "Nilikuwa nataka kusema, hii feni inapiga kelele."

"Nitamwambia fundi," alisema Mkuu, akaenda zake akitafuna.

Naye akafanya alichofanya. Akautafuta mstari wa Mzee, akaifuta ile tarehe, pakabaki patupu. Akatengeneza faili ndogo ya marekebisho yenye mstari huo mmoja, akaituma kwenye mashine ya dirisha la dawa. Ilikuwa kazi rahisi mno. Alijisikia kama mtu aliyeitoa sahani yake peke yake kwenye nyumba inayoungua.

*

Jumamosi alimkuta Mzee amekaa uani juu ya kigoda, magazeti yametandazwa chini, ubao mbele yake na makopo ya rangi pembeni. Hakuwa ameshika brashi kwa muda mrefu, lakini mkono ulikuwa haujasahau. Alikuwa anachora herufi kubwa, zenye kivuli, za kupendeza: MIMI NIKO H.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Njoo unisaidie." Hakuinua macho. "Nimeona hiyo barua yao itachelewa. Nitauvaa huu shingoni Jumatatu, niende nikasimame dirishani. Hiyo A na hiyo I, nizipake buluu au nyekundu? Buluu ina heshima. Lakini nyekundu inaonekana na mtu aliye mbali."

Mkalimani alijikaza kisabuni, haikusaidia. Machozi yakamtoka. Akachuchumaa kwenye magazeti akamweleza yote, sifuri, mvua, feni, mpaka mstari mmoja aliourekebisha. "Umekwisha kurekebishwa, Baba. Tangu jana uko hai. Jumatatu watakupa dawa bila neno."

Mzee aliiweka brashi kwenye kopo la maji. Akayaangalia maji yakibadilika rangi.

"Sasa nikwambie kitu ambacho hata mumeo hakijui," alisema. "Nilipokuwa na miaka hiyohiyo mitano niliugua homa. Mwaka ule, au uliofuata, nani aliandika? Wakanifunika shuka. Watu wakakusanyika uani, na wanawake wakaanza kulia. Mimi nilikuwa chini ya shuka nawasikia. Kulikuwa na mwanga mweupe tu, mzuri, na nje huko watu wote wananisema vizuri, hata yule jirani niliyemvunjia mtungi. Sikutaka kutoka, mwanangu. Na wao waliogopa kuigusa ile shuka. Aliyekuja akaifunua ni shangazi yangu. Alikuwa amechelewa, ametoka mbali, akasema, 'Hebu nimwone.' Akafunua, nikampigia chafya usoni."

Akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo hukukosea sana. Lakini mimi sasa nimefunuliwa mara mbili. Yule bibi wa mwavuli, nani amemfunua?"

Mkalimani alitazama chini.

"Alisahau mwavuli," alisema Mzee. "Mtu mwenye mwavuli mzuri vile hausahau hivihivi."

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mikono imejaa grisi, na ilionekana alikuwa amesimama hapo kitambo. Mwishowe akasema, "Baba, weka nyekundu," akarudi ndani.

*

Jumatatu Mkalimani alipiga moyo konde akaingia kwa Mkuu kabla hajavua koti.

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Karanga zilibaki mkononi. "Hao watu wamekosa dawa kwa sababu hiyo?"

"Waliofika dirishani wamekosa. Wengine siku zao za dawa ni wiki hii."

"Na umegundua lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumatatu."

"Ndiyo, Mkuu."

Alizirudisha karanga mfukoni. Mkalimani aliona kwamba hakukasirika kama alivyodhani, aliogopa. "Grafu yangu imetoka kwenye faili hiyohiyo, na imekwishapelekwa juu," alisema. "Nilitakiwa kuikagua ile faili kabla haijatoka. Niliweka sahihi bila kuifungua. Unajua hivyo?"

"Najua."

"Basi irekebishe. Kimyakimya. Futa zile tarehe, tuma upya, yaishe."

"Mashine itajua, Mkuu. Watu je? Walioambiwa wamekufa wakarudi nyumbani, hawatajua kwamba zimefutwa. Lazima wapigiwe."

"Na utawaambia nini? Kwamba ofisi ilikosea?"

"Nitawaambia mimi nilikosea."

Mkuu akatazama dirishani. Ni pale dirishani waliposimama wote siku ya mvua. Mkalimani alikumbuka sasa kwamba mkono uliotolewa nje siku ile ulikuwa wa Mkuu. Labda naye alikumbuka. "Piga simu," alisema. "Mimi nitapanda juu kuomba ile grafu irudishwe. Na kuhusu mkataba wako, tutauangalia." Mkalimani alikuwa ameshaona mikataba ya wengine ikiangaliwa, na alijua inavyokwisha.

Alizifuta zile tarehe zote, safari hii akiitaja safu kwa jina lake na kuisoma amri mara mbili. Patupu pakarudi, mstari baada ya mstari. Kisha akapiga simu siku hiyo na iliyofuata. Mpiga tarumbeta alimtukana, naye Mkalimani alistahili. Mpishi wa shule alishangaa, alikuwa hajui kwamba amekufa, akataka kujua kama kuna fidia. Mama wa mapacha alilia, akasema alikuwa ameanza kunywa dawa za jirani. Kila mmoja wao Mkalimani alimwambia, "Mimi ndiye niliyekosea," na kila mara maneno yalikuwa mazito yaleyale, hayakuzoeleka.

Simu ya bibi wa mwavuli iliita tu. Iliita asubuhi, ikaita mchana. Siku ya pili haikuita tena.

*

Dada wa dirisha la dawa alimpa Mkalimani dawa za kisukari za bibi yule bila ubishi. Alikuwa amesikia kilichotokea, na hakumtazama usoni. Anwani kwenye mashine ilisema "karibu na kituo", hakuna zaidi. Lakini Mzee alijua. Alikuwa ameshavaa viatu, mwavuli kwapani.

Duka la vioo lilikuwa limepanga bidhaa zake nje, kando ya ukuta mzima, vioo vya kabati, vya bafuni, virefu vya kujitazama mwili wote. Ilikuwa saa kumi, na ndani ya vioo anga lote lilikuwa limelala njiani, mawingu yanapita kwenye lami. Mkalimani alijiona akija kutoka pande nyingi, na kila mmoja wao alikuwa na mfuko wa dawa mkononi na uso wa hofu. Mzee alijitazama kidogo, akaiweka sawa kola yake.

"Yule mama wa juu?" alisema mwenye duka. "Sijamwona akishuka siku hizi. Juzi alinipa masufuria yake, mazuri kabisa. Nikadhani anahama."

Mkalimani alizipanda ngazi mbio akamwacha Mzee nyuma, akafika mlangoni anahema. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo.

"Hodi! Hodi hapa!"

Kimya. Kisha, kutoka mbali, "Nani?"

Chumba kilikuwa na giza, mapazia yameteremshwa, dirisha limefungwa. Rafu zilikuwa tupu na zimefutwa vumbi. Bibi alikuwa amelala kitandani, amevaa nguo yake nzuri na ule mtandio, viatu vimepangwa chini sambamba. Midomo ilikuwa imemkauka, lakini macho yalikuwa macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akamtazama. "Wewe nilikuona dirishani. Hukucheka."

"Nimekuletea dawa zako. Uko hai, bibi. Imerekebishwa."

"Nani kakwambia niko hai?"

Mkalimani alipiga magoti kando ya kitanda. Maneno aliyoyasema kwenye simu siku mbili yalikuwa hapo, lakini hayakutosha mbele ya uso ule. "Hakuna aliyeniambia," akasema. "Mimi ndiye niliyesema umekufa. Mahali pako palikuwa patupu, nikapajaza. Mvua ilikuwa imeanza, nikaenda kuitazama."

"Ile mvua iliyokuja baada ya lile joto?"

"Ndiyo hiyo."

"Hata mimi niliitazama." Akaufumba mdomo, akaufumbua tena kwa shida. "Mimi si mjinga, mjukuu wangu. Nilijua ni uongo. Mtu hafi kabla hajazaliwa. Nilirudi hapa nikakaa nikingoja mtu aje aseme wamekosea. Siku ile sikuona mtu. Kesho yake sikuona mtu. Nikajiuliza, hivi ikiwa ni kweli, kuna kitu gani kingekuwa tofauti hapa ndani? Nikatafuta, sikukiona. Basi nikagawa masufuria."

"Nilijua tangu siku ileile," alisema Mkalimani. "Ningeweza kuja siku ileile. Sikuja. Nisamehe."

Hapo Mzee akafika mlangoni, anatweta, mkono kwenye kifua. Aliingia akautundika mwavuli wa kijani kwenye mkono wa kiti, mahali ambapo bibi angeweza kuufikia, akakaa kwenye kiti hichohicho.

Bibi aliutazama mwavuli. Alimtazama Mzee. Kisha akarudisha macho yake kwa yule aliyepiga magoti, akamwangalia bila haraka na bila huruma.

"Sijui kama nimekusamehe," alisema. "Hilo tutaliona. Lakini wewe ndiye uliyenitoa, sasa nirudishe. Anza na hilo dirisha."

Mkalimani akanyanyuka, akavuta mapazia. Komeo lilikuwa gumu, akalisukuma kwa kiganja mpaka likaachia. Kelele za mtaa zikaingia, baiskeli, mtu anapiga mluzi, mwenye duka anabishana na mteja. Jua la alasiri liligonga vile vioo kule chini, likapanda ukutani, na dari ikaanza kucheza.

Bibi alilala akiitazama muda, mwanga ukimpita usoni. Kisha akanyoosha mkono.

"Haya," akasema. "Sasa nipe maji."